Njia za Nishati Ukambani: Historia ya Mafuta ya Usafiri wa Abiria Machakos na Suala la Gesi Asilia

Historia ya usafiri wa abiria katika Machakos huelezwa mara nyingi kama historia ya vyombo: misafara ya wapagazi, mikokoteni ya ng'ombe, garimoshi, mabasi ya mashambani na hatimaye matatu. Maelezo hayo ni ya kweli lakini yana pengo, kwa kuwa kila chombo kilichowahi kubeba watu kati ya vilima vya Iveti na uwanda wa Athi kilihitaji nishati, na njia iliyoileta nishati hiyo ndiyo iliyoamua nani asafiri, kwa nauli gani na kwa chombo cha aina gani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wasafirishaji wa abiria wa Machakos hawajawahi hata mara moja kuvutiwa njia ya nishati kwa ajili yao wenyewe. Wamekuwa wakitumia kile kilicholetwa na njia zilizojengwa kwa mahitaji ya wengine, yaani dola, viwanda na mji mkuu, na kwa sababu hiyo mjadala wa kugeuza magari ya abiria yatumie gesi asilia iliyoshindiliwa, ambayo katika Afrika Mashariki hujulikana zaidi kwa kifupi chake cha CNG, hauna budi kuanzia kwenye bomba kabla ya kufika kwenye injini.

Unga, kuni na reli

Kabla ya mafuta ya petroli, nishati ya usafiri Ukambani ilikuwa chakula. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa safari ndefu kati ya bara na pwani, wakipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na waya, na safari hizo zote zilifanywa kwa miguu. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipojenga ngome yake Machakos mwaka 1889, mahali palipopewa jina kutokana na Masaku, mtabiri na kiongozi wa Kikamba, sababu mojawapo kubwa ya kuchagua eneo hilo ilikuwa wingi wa mazao yake. Misafara iliyoelekea Uganda ilihitaji kununua nafaka, maharagwe na mifugo kabla ya kuingia sehemu zisizo na vyakula vya kutosha, na kila mpagazi alihesabiwa posho yake ya kibaba cha unga kwa siku. Machakos ya miaka hiyo ilikuwa, kwa maana kamili ya neno, kituo cha kujazia nishati, na gharama ya huduma hiyo ilionekana wazi ukame ulipoikumba nchi mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati wa njaa kuu ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, kwa kuwa jamii iliyokuwa imeuza sehemu ya akiba yake kwa misafara iliingia kwenye ukame huo ikiwa na ghala jepesi.

Ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanza Mombasa mwaka 1896, ulibadilisha hali hiyo kwa namna ambayo imeendelea kuandama Machakos hadi leo. Wahandisi walitafuta mteremko mwepesi na ardhi ya wazi, wakaacha vilima na kuipitisha reli kwenye uwanda, kupitia Konza na Athi River, hadi ikafika Nairobi mwezi Mei 1899. Mwaka huohuo John Ainsworth, ofisa aliyeongoza utawala wa Ukamba kutoka Machakos tangu mwaka 1892, alihamishia makao yake Nairobi, na mji uliokuwa kitovu cha utawala wa bara ukabaki kando ya njia kuu. Tangu hapo paligawanyika Machakos mbili ambazo historia ya nishati haiwezi kuzichanganya: Machakos ya vilimani, yenye watu wengi, masoko na mashamba, na Machakos ya uwandani, yenye watu wachache mwanzoni lakini iliyopitiwa na kila njia kubwa iliyojengwa baadaye.

Reli yenyewe ilikuwa na njaa yake ya nishati. Katika miongo ya mwanzo injini za mvuke zilichoma kuni kwa wingi, na miti iliyokuwa karibu na njia ilikatwa na kupangwa kwenye vituo ili kuzilisha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia injini nyingi ziligeuzwa zichome mafuta mazito, yaani masazo mazito yanayobaki baada ya mafuta ghafi kutolewa petroli, mafuta ya taa na dizeli, na injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zilizoanza kazi katikati ya miaka ya 1950, zilivuta treni za Mombasa na Nairobi kwa mafuta hayo. Huu ulikuwa ugeuzaji wa kwanza mkubwa wa nishati ya usafiri katika uwanda wa Athi, nao ulifanikiwa kwa sababu inayostahili kukumbukwa: mmiliki wa injini, mmiliki wa njia na mnunuzi wa mafuta alikuwa shirika moja, lenye karakana zake, wahandisi wake na mkoba mmoja wa fedha, kwa hiyo aliyelipa gharama ya mageuzi ndiye aliyevuna faida yake.

Petroli na dizeli barabarani

Barabarani mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Serikali ya kikoloni, ikiogopa kwamba malori na mabasi yangeinyang'anya reli mapato, ilitunga mwishoni mwa miaka ya 1930 sheria ya leseni za usafirishaji, ambayo iliweka bodi ya kuamua ni nani aruhusiwe kubeba mizigo na abiria kwa malipo na katika njia ipi. Utawala huu wa leseni ulifanya biashara ya mabasi iwe ya wachache. Jijini Nairobi ilishikwa na Kenya Bus Service, iliyoanza mwaka 1934, na katika njia za mashambani na kampuni ambazo nyingi zilimilikiwa na familia za wafanyabiashara wenye asili ya Asia pamoja na Waafrika waliokusanya mtaji baada ya vita. Wakamba wengi walikuwa wametumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, baadhi yao wakajifunza udereva na umakanika huko, na ujuzi huo ulirudi nao Ukambani. Kampuni ya mabasi ya Akamba, iliyochukua jina la watu wa eneo hili na ambayo baadaye ilipanua safari zake hadi Kampala na Dar es Salaam kabla ya kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilikuwa mfano unaojulikana zaidi wa kampuni kubwa zilizotokana na enzi hiyo ya leseni.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba matatu, ambayo hadi wakati huo yalikuwa yakifanya kazi kinyume cha sheria, yaruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalumu ya usafirishaji. Tangazo hilo lilikuja katika mwaka uleule ambao nchi za Kiarabu zilizuia mafuta na bei yake ikapanda duniani kote, na ingawa mambo hayo mawili hayakuwa na chanzo kimoja, yaliikuta sekta moja. Usafiri wa abiria uligawanyika kutoka kampuni chache zenye karakana na matangi yao kwenda kwa mamia, na hatimaye maelfu, ya wamiliki wa gari mojamoja, kila mmoja akinunua mafuta yake kituoni kwa bei ya siku. Katika barabara ya kilomita takriban 64 kati ya Machakos na Nairobi, mabasi makubwa ya dizeli yalianza kushindana na magari madogo aina ya pikapu yaliyowekewa bodi na mabenchi na mafundi wa mitaani.

Magari hayo ya mwanzo mengi yalitumia petroli, lakini katika miaka ya 1980 na 1990 magari ya Kijapani yenye injini za dizeli yalitawala, kuanzia yale madogo ambayo wasafiri waliyaita tu "Nissan" hata yalipokuwa ya kampuni nyingine, hadi mabasi madogo ya Isuzu yaliyoundiwa bodi humu nchini. Dizeli ilishinda kwa sababu tatu zilizokwenda pamoja: injini yake huchoma mafuta kidogo kwa kila kilomita kuliko injini ya petroli ya ukubwa uleule, hustahimili mizigo na milima, na kodi yake nchini Kenya imekuwa ndogo kuliko ya petroli. Ushindi huo ni jambo la msingi kwa suala la gesi, kwa sababu, kama itakavyoelezwa, injini ya dizeli ndiyo ngumu zaidi kuigeuza.

Pamoja na mabadiliko ya magari yaliota mizizi mapatano ya kazi ambayo bado ndiyo kanuni. Mwenye matatu humkabidhi dereva na kondakta gari asubuhi, nao humrudishia jioni kiasi cha fedha kilichokubaliwa. Mafuta hulipwa kutoka katika makusanyo ya siku, na kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ya mwenye gari ndicho riziki ya wafanyakazi. Kwa mapatano haya mwenye gari hulipia injini, lakini nafuu yoyote ya mafuta humfikia kwanza anayeendesha. Kinyume na shirika la reli lililogeuza injini zake, hapa anayelipia mageuzi na anayevuna faida ni watu wawili tofauti, na hakuna hesabu ya gharama ya gesi itakayokuwa sahihi bila kulizingatia jambo hilo.

Bomba linalopita

Mafuta yote haya yalitoka Mombasa. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963 na kusafisha mafuta ghafi hadi kilipofungwa mwaka 2013, na kwa miaka mingi bidhaa zake zilipandishwa bara kwa mabehewa ya reli na malori ya matangi. Mwaka 1978 Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya ilizindua bomba la urefu wa takriban kilomita 450 kutoka Mombasa hadi Nairobi, mafuta yakisukumwa na vituo vya pampu vya Changamwe, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud, na baadaye, uwezo ulipoongezwa, vituo vingine vikawekwa katikati, kimojawapo Konza. Mwaka 1994 bomba lilirefushwa hadi Eldoret na Kisumu, na mwaka 2018 bomba jipya lenye kipenyo cha inchi 20 likaanza kazi sambamba na njia ya zamani.

Ramani ya bomba hilo inafanana sana na ramani ya reli ya mwaka 1899. Linapita chini ya uwanda, katika ardhi ya Ukambani, bila kusimama mahali pa kuchota, kwa kuwa lilijengwa kukidhi mahitaji ya Nairobi, uwanja wake wa ndege, na nchi jirani zisizo na bandari. Mafuta yanayotumiwa na gari la abiria la Machakos hupita kwanza karibu na Machakos, yakaenda kupakiwa kwenye malori Nairobi, kisha yakarudi kwa barabara hadi kituo cha mafuta ambako dereva huyanunua kwa bei iliyoongezewa gharama ya safari hiyo ya kurudi. Bei hizo, zilizoachwa huru mwaka 1994 na kuwekewa kikomo tena na mdhibiti wa nishati tangu Desemba 2010, hutangazwa upya tarehe 14 ya kila mwezi, na mwezi Septemba 2023 kikomo cha lita moja ya dizeli jijini Nairobi kilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza. Kila bei inapopanda kwa kiasi hicho, nauli hupanda, na swali la mafuta mbadala hurudi mezani.

Majaribio ya kubadili mafuta

Kenya imekwisha kujaribu kubadili mafuta ya magari mara kadhaa, na majaribio hayo yanaonyesha ni mabadiliko yapi hudumu. Kati ya mwaka 1983 na 1993 petroli iliyouzwa Nairobi na viunga vyake ilichanganywa na ethanoli, yaani pombe kali inayotengenezwa kutokana na molasi ya miwa, iliyotoka katika kiwanda cha Muhoroni. Mpango huo ulikusudiwa kupunguza fedha za kigeni zilizotumika kununua mafuta na haukudai mageuzi makubwa ya injini, lakini ulitegemea bei zilizopangwa na serikali, na bei ambazo hazikuwapa faida ya kutosha watengenezaji wa ethanoli wala kampuni za mafuta zikaufifisha mpaka ukakoma.

Mabadiliko mawili yaliyofuata yalifaulu zaidi. Madini ya risasi, yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli ili injini isigonge na ambayo huathiri ubongo wa watoto, yaliondolewa nchini kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kufuatia azimio la nchi za Afrika kusini mwa Sahara lililopitishwa Dakar mwaka 2001. Kisha tarehe 1 Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikaanza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, badala ya kiwango cha awali kilichokuwa mara kumi ya hicho. Mabadiliko haya yalifaulu kwa kuwa yalifanyika mwanzoni mwa mnyororo, pale bandarini, ambako shehena huagizwa kwa pamoja. Dereva wa Machakos hakuhitaji kununua kifaa, kubadili kituo wala kujifunza ufundi mpya. Ugeuzaji wa gesi ni wa aina nyingine kabisa, kwani hudai mabadiliko katika kila hatua, kutoka kisimani hadi chini ya kiti cha abiria.

Gesi iliyoshindiliwa na madai yake

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, gesi nyepesi kuliko hewa, isiyo na rangi wala harufu mpaka itiwe harufu kwa ajili ya usalama. Haifai kuchanganywa na gesi ya kupikia inayouzwa kwa mitungi madukani, ambayo ni propani na butani, hugeuka kimiminika kwa kanieneo ndogo, na ikivuja hutuama chini badala ya kupaa. Methani haigeuki kimiminika kwa kushindiliwa tu katika joto la kawaida, na hivyo ili gari liweze kubeba kiasi cha kutosha, gesi hushindiliwa hadi kanieneo, yaani nguvu ya kusukuma kuta za chombo, ifikie mara 200 hadi 250 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Hata hapo nishati iliyomo katika ujazo mmoja wa gesi ni takriban robo ya iliyomo katika ujazo uleule wa dizeli, kwa hiyo basi huhitaji mitungi mikubwa na mizito ya chuma au ya nyuzi maalumu, ambayo hufungwa juu ya paa au chini ya sakafu na lazima ikaguliwe kila baada ya muda uliowekwa.

Injini ya petroli hugeuzwa kwa urahisi kiasi, kwa kuwa tayari ina plagi za kutoa cheche. Huwekewa mtungi, kipunguza kanieneo na vipitishio vya gesi, na huweza kuendelea kutumia petroli gesi inapokwisha. Injini ya dizeli haina plagi, kwani huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na methani haiwaki kwa urahisi kwa njia hiyo, hivyo fundi ana njia mbili: kuifumua injini na kuifanya ya plagi, au kuiacha itumie gesi pamoja na dizeli kidogo ya kuwashia. Njia zote mbili ni ghali kuliko ugeuzaji wa petroli, na ndiyo maana miji mingi iliyofaulu kuendesha mabasi kwa gesi ilinunua mabasi mapya yaliyoundwa kwa gesi tangu kiwandani.

Faida yake ni ya kweli. Gesi huwaka bila moshi mweusi na huacha chembechembe chache sana za masizi, ambazo ndizo huingia ndani kabisa ya mapafu, na katika nchi zenye visima vyake bei yake imekuwa chini ya ile ya dizeli. Lakini methani inayovuja kabla ya kuchomwa hunasa joto angani kwa nguvu zaidi ya mara 25 ya kaboni dioksidi ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, kwa hiyo mfumo unaovuja huweza kufuta faida yake kwa tabianchi hata unaposafisha hewa ya mjini.

Mji wa Delhi unatoa mfano unaojulikana zaidi wa ugeuzaji wa lazima. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1985 na wakili M.C. Mehta, iliamuru mabasi yote ya mji huo yatumie gesi kufikia mwisho wa Machi 2001. Tarehe hiyo ilipita huku vituo vikiwa vichache na foleni zikienea barabarani, na kazi haikukamilika mpaka mwisho wa mwaka 2002. Amri ya mahakama iliweza kuwalazimisha wenye mabasi, lakini kilichoamua mwendo wa mageuzi ni kasi ya kujenga vituo.

Mfano wa Dar es Salaam

Karibu zaidi na Machakos, Tanzania imeonyesha jinsi gesi inavyofika barabarani. Gesi iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo mwaka 1974 na huko Mnazi Bay mwaka 1982, lakini ilikaa ardhini kwa miongo hadi bomba kutoka Songo Songo lilipoifikisha Dar es Salaam mwaka 2004. Bomba hilo lilijengwa kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Ubungo, na mteja wake mwingine mkubwa wa mwanzo alikuwa kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Vituo vya kujazia magari vilikuja baadaye, vikianzia palepale Ubungo ambako bomba lilikuwa limekwisha kufika, na bomba la pili, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, lilipozinduliwa mwaka 2015, nalo lilikuwa na umeme kama sababu yake kuu.

Kwa miaka kadhaa waliogeuza magari walikuwa hasa wenye teksi, magari binafsi na bajaji, yaani vyombo vya petroli ambavyo ugeuzaji wake ni mwepesi, huku Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo na kufundisha mafundi. Mabasi yalichelewa. Mfumo wa mabasi yaendayo haraka ulipoanza mwezi Mei 2016, ulianza kwa mabasi ya dizeli, katika mji uliokuwa na bomba la gesi kwa zaidi ya miaka kumi, na ni mwaka 2025 tu ambapo mabasi mapya ya gesi yaliletwa kwa ajili ya njia ya Mbagala. Takriban miaka 20 ilipita kati ya bomba na basi. Mpangilio wa matukio hayo uko wazi: umeme na saruji vilivuta bomba, bomba likazaa kituo, kituo kikawavuta wenye magari madogo, na basi la abiria likawa la mwisho.

Athi River na swali la Kenya

Kenya haina gesi asilia inayozalishwa kibiashara. Kisima cha Mbawa, kilichochimbwa baharini mwaka 2012, kilionyesha gesi ambayo haikutosha kuendelezwa, na uvumbuzi mkubwa wa mwaka huo, ule wa Turkana, ulikuwa wa mafuta. Matumaini yameelekezwa kwa jirani: mwezi Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano ya kushirikiana katika bomba la gesi kutoka Dar es Salaam kupitia Tanga hadi Mombasa, na mwezi Oktoba 2022 Rais William Ruto, akiwa Dar es Salaam, alihimiza mradi huo uharakishwe. Hata bomba hilo likikamilika litaishia pwani, na ili gesi ifike Ukambani patahitajika tawi jipya la kupanda bara au malori ya mitungi yanayobeba gesi kutoka kituo mama, yaani kituo kilichounganishwa na bomba, hadi vituo vidogo visivyo na bomba, na kila kilomita ya barabara huongeza bei ya kilo ya gesi.

Ikiwa historia ya Dar es Salaam ni mwongozo, tawi la kupanda bara halitajengwa kwa ajili ya matatu. Litajengwa, kama litajengwa, kwa wateja wanaonunua kwa wingi usiku na mchana, na katika Kaunti ya Machakos wateja hao wako Athi River. Reli iliufanya mji huo kuwa mahali pa viwanda: kiwanda cha nyama cha Liebig's kilijengwa hapo katika miaka ya 1930, na mahitaji yake ya ng'ombe wa bei nafuu yalikuwa sehemu ya sera ya kupunguza mifugo iliyowafanya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waandamane hadi Nairobi mwaka 1938. Baadaye ikaja Kamisheni ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950, kisha saruji ya East African Portland na viwanda vingine vya saruji, eneo la viwanda vya kuuza nje, na katika muongo wa 2010 mitambo ya Gulf na Triumph, ambayo kila mmoja una uwezo wa takriban megawati 80 na huzalisha umeme kwa kuchoma mafuta mazito. Saruji na umeme, jozi ileile iliyovuta bomba la Songo Songo, vinakaa jirani katika uwanda uleule ambao reli mpya ilipitia mwaka 2017 na ambao barabara ya juu ya Nairobi ilianzia, pale Mlolongo, mwaka 2022.

Jambo hili linawapa wasafirishaji wa Machakos nafasi ambayo hawakuwa nayo mwaka 1899 wala mwaka 1978, kwani njia ya nishati bado haijachorwa. Magari mengi yatokayo Machakos kwenda Nairobi hupita Athi River, na kituo kimoja cha gesi kilichowekwa hapo kingeweza kuyahudumia bila gari lolote kuacha njia yake. Lakini kituo hicho kitakuwa na maana tu ikiwa gharama ya kununua mabasi ya gesi itagawanywa kwa haki, na hapa mfumo wa ushirika unatoa msaada. Tangu kuundwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama kwa sheria ya mwaka 2012 na kutolewa kwa kanuni za mwaka 2014, kila matatu lazima iwe chini ya chama cha ushirika au kampuni, na chama chenye magari mengi kinaweza kununua gesi kwa mkataba, kulipia ukaguzi wa mitungi na kuhakikisha kwamba nafuu ya mafuta inamrudia aliyelipia gari pamoja na anayeliendesha.

Ulinganisho huu hauwezi kuishia hapo, kwa sababu kuna njia nyingine ya nishati ambayo tayari imefika vilimani. Umeme wa Kenya, ambao takriban asilimia 90 yake hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, unapatikana mjini Machakos bila bomba lolote jipya. Mwaka 2022 kampuni ya BasiGo ilianza Nairobi majaribio ya mabasi ya umeme ya abiria 25, yaliyotajwa kuwa na uwezo wa kwenda takriban kilomita 250 kwa chaji moja, umbali unaopita safari ya kwenda na kurudi kati ya Machakos na Nairobi, na ikaweka mpango ambao mwenye basi hulipia betri kwa kila kilomita anayosafiri badala ya kuinunua yote mwanzoni. Mpango huo ni jibu la moja kwa moja kwa tatizo la kale la matatu, la mmoja kulipia injini na mwingine kuvuna nafuu, na kama gesi itapewa nafasi Ukambani, itabidi ije na mpango wa fedha usiopungua huo.

Kwa hiyo uamuzi unaoikabili Machakos ni mpana kuliko kuchagua mafuta yaliyo safi au rahisi. Kuanzia unga wa misafara hadi dizeli inayopita Konza na kurudi kwa lori, abiria wa kaunti hii wamelipa gharama ya njia zilizopangwa pasipo wao kuulizwa, na Katiba ya mwaka 2010, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na kuzitaka mamlaka kuwashirikisha wananchi, inawapa msingi wa kudai utaratibu tofauti. Vyama vya matatu, serikali ya kaunti na wakazi wa Athi River wanaovuta moshi wa malori na viwanda wanapaswa kuwasilisha mahitaji yao ya usafiri sasa, kwa idadi ya magari, kilomita zinazosafiriwa na eneo la kituo, wakati mipango ya gesi na ya umeme bado inaweza kubadilishwa. Usafiri wa abiria ukihesabiwa tangu mwanzo kuwa mteja kamili wa nishati, kaunti inaweza kuchagua gesi, umeme au vyote viwili kwa vigezo vyake. Usipohesabiwa, itaupokea tena uamuzi uliofanywa kwa mahitaji ya wengine na kuulipia kila asubuhi kwa nauli.